Mbwa Mtulivu wa Ghorofa ya Nne

Kwa miaka mitano jengo letu lilikuwa na mbwa mmoja tu, na mbwa huyo alikuwa na sifa kutushinda sisi wapangaji. Aliitwa Kishungi. Alikuwa pudo, wale mbwa wa manyoya ya kujisokota, tena mdogo hata kati ya wadogo wenzake. Ungemtia kwenye kikapu cha mkate na mkate bado ungepata nafasi. Mwenye mbwa alikuwa mama mmoja, mwalimu mkuu mstaafu wa ghorofa ya nne, tuliyemwita Mwalimu tu. Hakuchoka kutueleza kwamba mbwa wake habweki, hatafuni viatu wala hakimbii ovyo, kwa sababu amelelewa kwa nidhamu.

"Huyu hahitaji kutembezwa," alikuwa akituambia ndani ya lifti. "Ni wa kupakatwa. Nikimwachia mlango wazi apate hewa, analala kwenye kikanyagio cha mlangoni asubuhi nzima. Jumapili tu ndiyo anapandwa na kichaa chake, sijui kwa nini."

Sote tulikubali. Mtu aliyewanyamazisha watoto mia sita kwa kukohoa tu, atashindwaje na kilo tatu za manyoya?

Lakini ninayetaka kumsimulia hapa si Mwalimu. Ni Bi Ngazi, mama aliyefagia na kudeki ngazi zetu, na ninamsimulia kwa sababu dhamiri inanisuta. Mimi ni mshonaji wa mapazia, nakaa ghorofa ya tatu, na ni katibu wa kamati ya jengo. Ukatibu nilipewa kwa kuwa nina mwandiko mzuri na mdomo mkali.

Bi Ngazi alikuwa mfupi, mnene wa kiunoni, mwenye ndala za mpira na kitambaa cha kichwa alichokikaza kama mtu anayekwenda kugombana. Jengo letu lina ghorofa saba, na yeye alizijua ngazi zake moja moja kama mama anavyojua meno ya watoto wake: hii imevunjika ukingo, hii huteleza, hii ndiyo ambayo mpangaji wa ghorofa ya sita humwagia mafuta kila akirudi sokoni kisha akakana. Kila siku isipokuwa Jumapili alipanda mpaka juu na ufagio, akafagia akishuka. Kisha akapanda tena na ndoo mbili, moja ya maji na moja ya matambara, akadeki akishuka.

Alipanda kwa miguu. Kanuni ya tisa ya jengo ilisema ndoo haziruhusiwi ndani ya lifti. Kanuni hiyo niliiandika mimi, kwa wino mwekundu, siku maji machafu yaliponirukia viatu vipya.

Sisi wengine tulipanda lifti. Kwa hiyo kwa miaka kumi na mmoja nilimjua Bi Ngazi kwa sauti kuliko kwa sura. Ikikaribia saa tano nilisikia mshikio wa ndoo ukigonga chuma cha ngazi karibu na mlango wangu, na miaka ya karibuni yeye akisema, "Ngoja hapo hapo, mzee. Usishuke, nakuja." Nilidhani anajisemesha. Nikasema moyoni, maskini, upweke huo, kisha nikarudi kwenye cherehani yangu. Huruma yangu ilikuwa haivuki kizingiti.

Mwaka huu goti likamshinda. Akaomba ruhusa ya mwezi mmoja, na kamati ikaleta kibarua aliyefagia kama anayefukuzwa na polisi. Saa tatu na nusu alikuwa ameshaondoka.

Siku ya tatu Kishungi akaanza. Alibweka kuanzia saa tatu asubuhi hadi sauti ikamkauka. Alizunguka meza ya Mwalimu mbio mpaka zulia likajikunja kama chapati. Alitafuna kandambili, akatafuna miwani, akachana pazia nililolishona kwa siku mbili, na akichoka hayo aliingia bafuni, akajitumbukiza kwenye ndoo tupu na kukaa humo akiangalia juu. Mwalimu alimtoa, naye akarudi. Mwalimu akaanza kuzima taa za sebuleni, eti mbwa apumzike. Mbwa akazidi.

Wapangaji walikuja juu. Mwenyekiti wa kamati, mzee anayependa usingizi wa asubuhi kuliko watoto wake, akasema siku kumi na nne zinatosha: mbwa atulie au aondoke. Barua niliiandika mimi. Mwandiko ulikuwa mzuri sana.

Mwalimu aliisoma amesimama mlangoni kwangu. Sijawahi kuona mtu mkubwa hivyo akawa mdogo ghafla.

"Sina mwingine ndani ya nyumba ile, Katibu," alisema. "Nikimtoa huyu, nitakuwa nasema na redio."

Siku nane zikapita, mbwa hajatulia. Akaniomba nimbebee kikapu cha Kishungi mpaka kwa daktari wa wanyama. Nikaenda. Hata mdomo mkali una siku zake.

Daktari alikuwa dada mwembamba mwenye kalamu sikioni. Alimweka Kishungi mezani, akamminya mapaja, akamnyoosha magoti, akazikagua kucha moja moja.

"Anatembezwa mara ngapi kwa siku?" aliuliza.

"Hatembezwi," alisema Mwalimu. "Ni wa kupakatwa."

Daktari akatabasamu kwa adabu. "Mama, kucha hizi zimesagwa na saruji. Mapaja haya ni ya mpanda milima. Huyu alikuwa anafanya mazoezi mazito kila siku, halafu yamekatwa ghafla. Hana ugonjwa. Ana nguvu zilizokosa pa kwenda."

Akatueleza kwamba watu hudanganywa na udogo wao. Asili ya pudo ni mbwa wa kazi, waliokuwa wakimletea mwindaji ndege walioangukia majini, na hata huyu wa kuingia kikapuni amerithi moyo uleule. Anataka kutembea asubuhi na jioni, nusu saa hivi kila safari, na achezeshwe, na apewe jambo la kufikiri, kwa sababu akili yake isipopewa kazi hujitafutia yenyewe. "Ila asizoeshwe kuruka kutoka juu kwenda chini," alisema. "Magoti yao huteguka upesi. Ya huyu yako imara. Aliyemfundisha alijua."

"Nimemfundisha mimi," alisema Mwalimu, lakini sauti haikuwa na mwalimu mkuu ndani yake.

Kishungi alipowekwa chini aliangaza chumba kizima, akaiona ndoo ya usafi pembeni, akajirusha ndani. Akakaa wima, masikio mbele, akiukodolea macho mshikio kama abiria anayemsubiri dereva.

Hapo ndipo nilipoisikia sauti ya kila siku mlangoni kwangu. Ngoja hapo hapo, mzee. Usishuke.

"Mwalimu," nikasema, "Bi Ngazi hafanyi kazi Jumapili."

Akaketi kwenye benchi la wagonjwa.

Tulimkuta Bi Ngazi chumbani kwake, chumba kimoja kilichodekiwa mpaka unaona aibu kukanyaga, ameweka mguu juu ya kigoda. Alipotuona, mimi katibu na yule mwenye mbwa, akajua mwenyewe tumefuata nini. Akajaribu kuinuka. Kishungi aliruka kutoka kikapuni, akamlamba vidole vya mguu, kisha akaenda moja kwa moja kwenye ndoo iliyokuwa nyuma ya mlango.

"Nimekosa, Mwalimu," alisema Bi Ngazi. "Kama ni kunifukuza, mnifukuze, lakini sikumwiba. Siku ya kwanza alinifuata mwenyewe. Nilimrudisha mara tatu. Mara ya nne nikamwacha."

"Mlikuwa mnakwenda wapi?" aliuliza Mwalimu.

"Juu. Kwenye paa, tunapoanika nguo. Anapanda nami mara zote mbili, na kule namfungia tambara fundo namtupia. Anazunguka kamba zote, analileta. Nikishuka na ufagio namfunga mgongoni kwa kanga; nikishuka na ndoo namweka kwenye ile ya matambara, nasogeza ndoo kila ghorofa mpaka chini, kisha anapanda mwenyewe kurudi kwako. Nyumbani tulikuwa na mbwa mfupi kama yeye, akaruka ngazi akavunjika. Huyu sikutaka." Akafuta macho kwa ncha ya kitambaa. "Nilipaswa kukuambia. Niliogopa utanikataza. Ngazi ni ndefu, Mwalimu. Nyinyi wote mko kwenye lifti. Huyu peke yake ndiye aliyepita kwa miguu."

Nilitazama sakafu safi ile, na nikaona aibu. Sijaona aibu namna ile tangu utotoni.

Mwalimu alivuta kiti, akaketi karibu na lile goti. "Miaka mitano," alisema, "nimekuwa nikisifiwa kwa kazi yako. Na wewe ulikuwa unasikia ninavyojisifu?"

"Nilikuwa nasikia, lifti ikipita."

"Hukukasirika?"

"Nilikuwa nacheka na mzee wangu."

Mwalimu naye akacheka, na alikuwa analia pia. Usione vyaelea, vimeundwa. Nimeusema usemi huo maisha yangu yote, na muundaji alikuwa akipita mlangoni kwangu kila siku saa tano.

Zilikuwa zimebaki siku sita. Mwalimu, ambaye alikuwa hajapanda ngazi tangu astaafu, alianza kumtembeza Kishungi barabarani asubuhi na jioni, akihema na kusimama kila nguzo ya taa na kusingizia kwamba mbwa ndiye anataka kunusa. Adhuhuri alimpandisha paani, akamtupia tambara lenye fundo. Vipande vya nyama alivificha ndani ya soksi, mbwa avitafute. Siku ya kwanza tulisikia kubweka kwa nusu saa. Siku ya tatu hatukusikia kitu. Kikao kilipofika mwenyekiti mwenyewe alikiri kwamba amelala mpaka saa nne, na barua yangu ikachanwa. Kisha nikafungua kitabu cha kanuni, nikaifuta ya tisa. Aliyetaka kupinga nilimtazama tu.

Jumatatu Bi Ngazi alirudi, goti limefungwa bendeji. Nilishuka kumpokea, na nilishuka kwa ngazi. Nikagundua kwamba ile iliyovunjika ukingo iko mlangoni kwangu, na sikuwahi kuijua. Chini nilimkuta Mwalimu amevaa viatu vya mpira, amebonyeza kitufe cha lifti na kuuzuia mlango kwa mkono.

"Ingia na ndoo zako," alimwambia. "Mimi na huyu tutakukuta juu."

Bi Ngazi aliingia taratibu, kama anayeingia sebule ya watu. Mlango ukajifunga. Mwalimu akaweka mguu kwenye ngazi ya kwanza, akamwita Kishungi. Kishungi hakusogea. Alikaa kitako mbele ya lifti, kichwa kaelekeza juu, anasikiliza, na sisi wawili tukabaki tumesimama tunamngoja.

Kutoka ghorofa ya saba, mshikio wa ndoo ukagonga chuma cha ngazi. Ndipo akapanda, naye Mwalimu akamfuata, na mimi nikachukua ufagio nikawafuata wote.