Vivuli vya Njano vya Mkwe Wangu

Mkwe wangu ni fundi wa majokofu, na anajenga ndege. Nayasema yote mawili kwa pamoja ili msomaji ashtuke mara moja, tusisumbuane baadaye. Ndege yenyewe si ya karatasi. Ilikuja vipande vipande ndani ya masanduku ya mbao, ina viti viwili, na maelekezo yake ni kitabu kinene ajabu, anachokisoma mtu asiyesoma hata kibandiko cha dawa yake ya kikohozi. Majirani walimwita Rubani kabla hajakaza skrubu ya kwanza.

Mimi ni mama wa mkewe. Nilikuja kwa mwanangu kuuguza goti, goti likapona, nikabaki. Chumba changu kinapakana na karakana, kwa hiyo haya sikusimuliwa na mtu.

Karakana zamani ilikuwa banda la gari. Gari sasa linalala nje linanyeshewa, na lango kubwa limezibwa na bawa la ndege lililolazwa juu ya magogo. Anayetaka kuingia humo sharti apite sebuleni, pembeni ya meza ya chakula. Mtu mwingine angeanza na ndege. Mkwe wangu alianza na ukuta. Alipigilia ubao mpana, akatundika vifaa vyake kwa ukubwa, kutoka nyundo hadi bisbisi ya kufungulia saa. Wiki haikwisha akavishusha, akavipanga kwa ukoo: koleo na ndugu zake, tupa na ndugu zake, spana mstarini kama watoto wa shule. Akarudi nyuma hatua mbili, akaguna, akavishusha tena. Safari ya tatu alivipanga kwa jinsi kazi inavyofuatana: vya kupimia, vya kutobolea, vya kukatia, mpaka bunduki ya ribiti inayoshikanisha bati na bati. Wakati huo ndege haikuwa na hata mkia.

“Mkwe,” nikamwambia, “unajenga ndege au unafungua duka la vifaa?”

“Mama, haraka haraka haina baraka,” akanijibu kwa adabu zake zote, akachukua brashi.

Brashi ndiyo iliyoleta mambo. Alikizungushia kila kifaa mstari, akajaza rangi ya njano ndani yake. Ukikitoa kifaa, pale ukutani kinabaki kivuli cha njano chenye umbo lake, na chini yake jina: KOLEO, TUPA BAPA, MKASI WA BATI. Nilimcheka mpaka aliponieleza. Bawa lina uwazi ndani, na mle zinapita fito za kuiongozea ndege. Spana ikisahaulika humo na bawa likafungwa, siku moja itateleza huko angani na kuzikwamisha fito, na angani hakuna pa kuegesha ukaita fundi. Basi hafungi kitu kabla hajautazama ukuta. Akiona njano, anaweka chini alichoshika. “Kivuli kitupu, kazi isimame,” husema, na sauti yake hapo ni ya hakimu.

Tulijua kwamba hatanii siku kilipopotea kioo chake kidogo chenye mpini mrefu, kile cha kuchungulia nyuma ya bati. Alipekua droo zote. Akalala chali chini ya bawa na tochi mdomoni. Wateja walipiga simu, nyama zao zinaoza, yeye anatafuta kioo. Jioni mwanangu akarudi kutoka dukani kwake, anakoshona mapazia, akakitoa kioo mkobani.

“Nilitaka kuona kisogo changu kimesukwaje,” akasema.

Mkwe wangu hagombi. Alikata vipande vidogo vya bati, akavitoboa, akaviandika: MKE, MAMA. Akatugawia. “Anayechukua kifaa atundike kibati chake juu ya kivuli. Hapo nitajua hakijapotea. Kipo kwa mtu.” Changu nilikitia kwenye kopo la sindano. Mwanangu alikipokea chake, kisha nikaona anautazama ule ukuta kwa muda mrefu. Alikuwa ameona kitu kimoja duniani kinachoweza kumsimamisha mumewe.

Na kumsimamisha kulihitajika. Bawa lilivyozidi kukua ndivyo kiti chake mezani kilivyozidi kukaa kitupu. Mwanangu anaita, “Chakula tayari!” Kutoka karakana inajibu sauti, “Nakuja, nakaza kimoja tu!” Hicho kimoja hakikuwa na mwisho. Baadaye alianza kupelekewa sahani huko huko, akawa anakula wima huku akisugua kingo za bati kwa msasa. Mwanangu anakula nami. Mwanzoni alinung’unika, na mimi sikujali, maana mke akinung’unika nyumba ina afya. Kisha akaacha kuita. Anapakua, anakaa, anakitazama kile kiti, anakula kimya. Hapo roho ikaanza kuniuma. Sikumzaa yule binti aje kula na kiti.

Siku moja alimfuata mlangoni. “Ukifunga bawa, utarudi mezani?”

“Nikifunga bawa,” akasema yule Rubani, uso umejaa furaha, “naanza injini!”

Mwanangu aligeuka akarudi jikoni. Nikajua maji yamezidi unga.

Asubuhi ya siku ambayo mkaguzi wa ndege alitazamiwa kulikagua bawa kabla halijafungwa, mkwe wangu akiwa ameenda kununua ribiti, mwanangu aliingia karakana akatoka na kopo la rangi ya njano. “Mama, nishikie ngazi.”

“Unataka kufanya nini?”

“Dawa ya moto ni moto.”

Tulivuta kiti cha mumewe. Koti lake tukalibandika ukutani nyuma yake, akalizungushia mstari mabega na mikono. Kichwa tulikipata kwa mfuniko wa sufuria ya wastani, ulitosha kabisa. Masikio alitumia vikombe vya kahawa. Nilisema labda vikombe ni vikubwa, akanitazama, nikanyamaza. Akajaza njano. Katikati ya kifua akapigilia msumari, na chini akaandika kwa herufi zilezile za ukutani kule: MUME.

Mkwe wangu aliporudi alipita mbio na pakiti zake, macho mbele, hakuona kitu. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini huyu alihitaji kuambiwa. Dakika chache baadaye mkaguzi akabisha hodi, mzee mkavu, kalamu mfukoni, uso haujui mzaha. Alinisalimu, akaanza kukatiza sebule, akasimama mbele ya ukuta.

“Mama, huyu ni nani?”

“Mkwe wangu.”

“Yuko wapi?”

“Ndilo tunalouliza sisi.”

Alitikisa kichwa, akaingia karakana. Nami nikamfuata, kwani shughuli kama hii haisimuliwi. Alichungulia bawa upande hadi upande, akagonga hapa, akavuta pale, hakupata kosa. Mkwe wangu akampeleka kwenye ukuta wake, kifua mbele. Kila kifaa mahali pake, njano haionekani hata chembe. “Hii ndiyo kanuni yangu, mzee. Kivuli kitupu, kazi isimame.”

“Kanuni nzuri sana,” akasema mkaguzi. “Basi isimame. Nimepita hapo sebuleni nikaona kimoja kitupu.”

Mkwe wangu alicheka. Mkaguzi hakucheka. Mkwe wangu akaacha kucheka, akatoka kwenda kutazama.

Alisimama mbele ya kile kivuli. Akasoma jina lake. Akasoma tena, kana kwamba herufi nne zinahitaji kurudiwa. Mwanangu alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na bakuli mkononi, na mimi nikiomba kimoyomoyo, maana dawa hii ikikataa sikuwa na nyingine.

“Masikio yangu si makubwa hivi,” akasema mwishowe.

“Yangekuwa makubwa hivyo, ungenisikia nikikuita.”

Mkwe wangu alinawa mikono, akavuta kiti, akakaa. Kichwa chake kiliingia barabara ndani ya lile duara la mfuniko wa sufuria. Nilimwonea huruma. Na kwa kuwa hanisikii hapa, naweza kusema pia kwamba nampenda.

Tulikula wanne, mkaguzi akiongeza bila kubembelezwa. Katikati ya chakula mwanangu akauliza, bila kuinua macho, “Hicho kiti cha pili cha ndege ni cha nani?”

Mkwe wangu aliacha kutafuna. “Cha nani tena? Chako. Tangu siku ya kwanza.”

“Hukuwahi kuniambia.”

“Nilidhani unajua.”

“Nitajuaje, nikiwa upande huu wa ukuta?”

Mkwe wangu aliweka kijiko chini. Kisha akasema kwamba kufunga bawa ni kazi ya watu wawili, mmoja apige ribiti kwa bunduki, mwingine akinge kwa chuma upande wa ndani, na kwamba alikuwa anafikiria kumwomba jirani. Mwanangu akafuta mikono. “Jirani ana kazi zake,” akasema. “Hicho chuma nionyeshe kinashikwaje.”

Wakainuka pamoja. Mlangoni mkwe wangu aligeuka, kanuni ikamkamata: kivuli chake kilikuwa kitupu tena. Akasita, mguu mmoja sebuleni, mmoja karakana. Mwanangu alirudi, akatia mkono mfukoni, akatoa kibati chake, akakitundika kwenye msumari wa kifuani. MKE. Wakaingia, na nyumba ikaanza kutetemeka kwa ribiti.

Siku hizi nikiandaa meza nikakuta kiti chake kitupu, natazama ukutani kwanza. Kibati kikiwepo, nafunika sahani yake na ya mwanangu, nakaa, nakula zangu. Hakuna kilichopotea.