Barua Yangu kwa Bibi wa Jarida

Nakumbuka, mwanangu, nilivyoamini kwa moyo wote kwamba Marekani kuna bibi wa miaka mia na ishirini anayejibu barua za wasomaji katika jarida la wanawake, tangu lilipoanzishwa. Mwenzangu wa kazi katika ghala la mizigo kule Malton aliniapia kwamba bibi haugui kwa sababu hunywa supu za ukurasa wa mapishi. Mimi nikaongeza yangu: hajang'oka hata jino moja.

Wakati huo mke wangu Rehema alikuwa amenyamaza. Tulikuwa wageni ughaibuni, tukikaa mtaa wa Crescent Town, ghorofa ya kumi na nane, na kila nilichosema alijibu "ndiyo" au "hapana". Siku moja nikakuta sanduku lake la safari limetolewa kabatini. Nilishikwa na hofu kwamba ananiacha. Ungedhani nitamuuliza. Badala yake nilimwandikia bibi, kurasa tisa, kwa Kiingereza changu cha shule ya usiku, kizito kama zege. Nikangoja wiki sita. Zikaja karatasi za matangazo ya piza tu.

Hapo mwalimu wa shule ya usiku akatuagiza kila mmoja aeleze darasani historia ya gazeti analolijua. Nikafanya mazoezi jikoni, Rehema akikuna nazi. Nikaeleza jinsi jarida lilivyoanza na karatasi za kukatia magauni, likaongeza mapishi, kisha barua, hadi likaanza kubishana na waume waliowakataza wake zao kazi. Nikafika kwa bibi.

"Hata mimi nimemwandikia," nikajisifu.

Rehema akaacha kukuna. "Umemwandikia nini?"

"Kwamba mke wangu anataka kuniacha, nami sijui kosa langu."

Nyinyi wa leo mnaiuliza simu. Ni yaleyale, mwanangu. Mwenzio akinyamaza, muulize yeye mwenyewe, siku hiyohiyo, hata kama umetoka zamu na miguu inawaka moto. Usimpelekee mgeni swali la nyumbani kwako. Mungu akujalie nyumba yenye maneno mengi, na masikio ya kuyasikiliza. Mimi yangu yalizibuliwa pale jikoni.

"Hakuna bibi, mume wangu," Rehema alisema. "Ni jina tu, wahariri wanapokezana. Nimelisoma jarida hilo chumba cha kufulia, wameandika wenyewe. Na mimi siendi popote; sanduku nililitoa kutafuta kanga zangu. Unatoka kazini unakwenda shule, ukirudi unalala. Sina wa kuongea naye."