Milimita Kumi na Mbili Kwenye Kona

Baba mkwe wangu alipoteza mkono wa kushoto kwenye reli nyembamba ya machimbo ya chokaa, kabla sijamwoa binti yake. Alikuwa mtu wa breki, akisafiri amesimama kwenye ngazi ya mwisho wa behewa. Penye kona, treni ya njia ya pili ilimbana. Siku zote alisema alisimama sawasawa. Ripoti ya ajali ilisema alijitokeza nje.

Mimi sikusomea uhandisi. Nilijifunza mwenyewe kwa vitabu vikuukuu vya soko la Kikula, na kamusi ya Kifaransa pembeni. Pasaka moja, shemeji zangu walipoanza tena ubishi ule, nilitoa daftari. Nilikuwa nimekwenda kupima: toka katikati ya njia hadi katikati ya njia, mita mbili na sentimita themanini. Behewa lilikuwa na upana wa mita moja na sentimita themanini. Inabaki mita nzima, na mtu kwenye ngazi anachukua nusu yake.

«Kwa hesabu hii,» nilisema, «treni haiwezi kumgusa mtu aliyesimama wima.»

Shemeji mdogo alicheka. «Papa, enjenieri amekupiga bao.»

Kwetu mume habishani na baba wa mke wake; neno gumu hupitia kwa mke. Nililijua hilo, ila nilidhani namba zimeniruhusu.

«Weye uko na kitabu,» baba mkwe alisema. «Minye nilikuwa pale.»

Hakuitaja tena ajali ile mezani.

Mwaka jana nilianza kutengeneza reli hiyo kwa mfano mdogo, kila mita arobaini kuwa mita moja: ubao wa vifungashio, reli za waya wa shaba, mabehewa ya bati la makopo. Nilizipanga njia mbili kwa umbali wa milimita sabini, katikati hadi katikati, kama daftari lilivyosema. Mabehewa yalipita vizuri penye mstari ulionyooka. Penye kona, behewa refu la sentimita ishirini na tano hivi liligusa kijiti nilichosimamisha kando.

Nilifunga penseli kwenye pembe za behewa na nyingine katikati, nikalisukuma taratibu juu ya karatasi. Mistari iliniambia. Kwenye kona katikati ya behewa huingia ndani, na ncha zake hutoka nje. Behewa la njia ya ndani lilitoa ncha milimita nane. La njia ya nje liliingiza tumbo zaidi ya nne. Nafasi ya milimita ishirini na tano ikabaki kumi na mbili. Mtu wangu wa mti, niliyemchonga kwa kipimo hicho hicho, akiwa kwenye ngazi, alikuwa na unene wa kumi na mbili.

Nilirudi kule machimboni. Reli za kona ziling'olewa zamani zikauzwa kama chuma chakavu. Ndiyo maana mara ya kwanza nilipima pale reli zilipobaki, palipo nyoofu. Lakini mataruma ya kona, zile mbao zinazobeba reli, yalikuwapo chini ya nyasi. Nilivuta kamba. Nafasi kati ya njia ilikuwa ileile; hakuna aliyeipanua penye kona.

Nilimweleza mke wangu. Alisikiliza hadi mwisho.

«Ulisema mbele ya bantu,» akasema. «Enda useme mbele ya bantu.»

Jumapili tulikwenda kwao na kuku, na ubao umefungwa kwenye shuka. Shemeji zangu wote walikuwapo. Mke wangu ndiye aliyesema kwa niaba yangu, kwa sauti, kwamba nilikosea hesabu na kwamba baba alisimama sawa. Mimi nilisukuma treni mbili. Mtu wa mti alianguka. Shemeji mdogo aliomba nirudie, akaanguka tena. Hakucheka.

Baba mkwe alikuwa anaangalia ubao kwa makini. «Ngazi ilikuwa chini kidogo,» alisema. «Mengine ni sawa.»

Nilidhani imekwisha. Ndipo mama mkwe, aliyekuwa anakata mboga za lengalenga mlangoni, akaweka kisu chini.

«Miaka yote hii,» alisema, «kila tukigombana namwambia mukono alijitafutia. Mukwe wetu alihesabu, nilisema.»

Aliingia jikoni. Baba mkwe alisimama akamfuata, akafunga mlango. Sisi tulibaki na ubao, na hakuna aliyeniambia niutoe.