Modesta na Kifungu cha Saba

Ilitangazwa rasmi, kwa waraka wa ofisi ya maji uliobandikwa sehemu mbalimbali za mji wa Morogoro mwaka 1999, kwamba zama za karatasi zimefikia ukomo. Kuanzia tarehe mosi Oktoba, maombi yote ya kutumia maji yangepokelewa kwa disketi peke yake, kwa kuwa kompyuta hazipotezi, hazisahau, na zote husema lugha moja.

Kwa hesabu ya Modesta, kompyuta za Morogoro wakati huo zilisema lugha tano, na nyingine hazikuwa zikisalimiana.

Modesta alikuwa mpiga chapa katika duka la steshenari la Mikidadi, nyuma ya soko. Alizaliwa Matombo, akasomea ukatibu muhtasi, akaajiriwa kiwandani. Kiwanda kilipobinafsishwa, mwekezaji alivutiwa na kila kitu isipokuwa wafanyakazi, na Modesta akatoka pale na cheti cha kumshukuru kwa utumishi uliotukuka. Kwa Mikidadi alikuta kompyuta moja yenye programu ya kuandikia toleo la sita, na ndani ya miaka miwili akajua jambo ambalo hakuna idara iliyokuwa ikilijua: kila ofisi ya mji ule inatumia toleo lipi. Aliyaandika yote kwenye daftari. Alipopeleka kazi kwa mteja, alisimama kwa adabu nyuma ya sekretari, akasifu kitambaa cha meza, huku macho yakisoma jina la toleo kwenye pembe ya juu ya kioo cha kompyuta.

Ndiyo maana mteja akija na barua, hakumwuliza anataka nakala ngapi. Aliuliza, "Inakwenda kwa nani?" Ukisema parokiani, alihifadhi kwa toleo la sita, maana padri alirithi mashine ya padri aliyemtangulia. Ukisema chuoni Mzumbe, ilibidi ajue ni mhadhiri yupi. Na ile ofisi ya waraka wa disketi aliiandalia toleo la kale kuliko yote, lisilo na mapambo yoyote.

"Wale wana tumbo la mtoto mchanga," alisema. "Ukiwapa kigumu wanatapika."

Jumatano moja ya mwisho wa Oktoba, nikiwa kwenye benchi la duka nasubiri barua yangu, aliingia Mzee Severini kutoka upande wa Mgeta. Alikuwa mwenyekiti wa kaya sitini na mbili zinazomwagilia karoti na kabichi kwa mfereji mmoja. Maombi yao ya hati ya maji yalitakiwa yafike kabla ya Ijumaa saa tisa na nusu. Yasipofika, chemchemi ya mfereji huo ingehesabiwa kuwa haina mwenyewe, na kampuni moja ya kuchupa maji ilikuwa imeshaleta watu wa kuipima.

"Shikamoo, baba," alisema Modesta.

"Marahaba, mwanangu." Alifungua vifungo viwili vya shati, akatoa disketi iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni. "Nimeambiwa unawatibu hawa. Nimempitisha kwa wawili. Wa kwanza kasema amekufa. Wa pili kasema anaongea Kichina."

"Nyie watu wa mlimani," Mikidadi alisema kutoka kaunta, "hata disketi mnaishusha na tope la karoti."

"Bila tope hilo, Mikidadi, ungekuwa unakula rimu za karatasi."

Modesta akauliza nani aliyeandika. Ni mtaalamu wa mradi wa mfereji, akajibu mzee, kwa mashine ya kupakata aliyoifungua kama kitabu cha misa. Printa yake haikuwa na wino. Sasa yuko kwao likizo, ng'ambo.

"Basi ni toleo la tisini na saba," alisema Modesta. Mtu pekee wa Mzumbe aliyekuwa na toleo hilo na moyo wa kusaidia alikuwa safarini hadi Jumatatu. Modesta akaiamuru mashine ya duka ifungue faili lile kwa nguvu, kama maandishi matupu.

Kioo kilijaa vijisanduku, alama za kuuliza na herufi zenye pembe. Mzee Severini alivua kofia, kama avuavyo mtu mbele ya jeneza. Modesta aliendelea kushuka ukurasa baada ya ukurasa, mkono wa pili ukimenya karanga za Gairo. Kisha katikati ya takataka ile yakatokea maneno: SISI WAKULIMA WA MFEREJI.

Nimesoma habari za wataalamu waliofukua miji mizima kutoka mchangani. Sikumbuki kama kuna aliyefanya hivyo huku akila karanga.

Jedwali la zamu za maji lilikuwa limemwagika lote katika mstari mmoja, majina, siku na idadi ya vishamba. Mzee hakuhitaji kuangalia. "Rosa ni Jumanne na Ijumaa. Hiyo tatu ni ya Raphael, ni vishamba vyake." Modesta aliandika upya, naye mzee akalitaja jedwali zima kaya kwa kaya. Nilisahau barua yangu.

Walipomaliza sehemu ya sahihi, Modesta akashuka zaidi kuhakikisha hakuna kilichobaki. Chini kabisa, baada ya vijisanduku vingine, kulikuwa na aya moja peke yake. Aliisoma kwa sauti.

"Saba. Maji haya hayatauzwa, hayatakodishwa, wala hayatahamishiwa kampuni yoyote, bila idhini ya mkutano wa kaya zote."

Kisha akarudi juu, akahesabu.

"Vifungu vinaishia sita, baba."

"Hicho kilipitishwa cha mwisho. Wanawake ndio walikishikilia, na mtaalamu akakiandika mbele yetu."

"Basi alikifuta baadaye. Ila mashine yake ikiambiwa ihifadhi haraka, haifuti. Inaficha, halafu inaandika pembeni kwamba hiki kisionyeshwe. Toleo jipya linatii. Hili letu halijui kutii. Mngekwenda Mzumbe, msingekiona."

Mzee alikisogelea kioo, akakitazama kwa muda mrefu bila kukigusa.

"Mzee wangu," alisema Mikidadi, na safari hii hakuwa na utani, "huenda mtaalamu alikuwa na sababu. Kifungu hicho kitawaudhi wakubwa. Wakikwama nacho, mmekosa vyote."

"Wewe unasemaje, mwanangu?"

"Mimi ni mpiga chapa, baba. Naandika kilichopitishwa."

"Haya. Andika kilichopitishwa."

Akakiweka mahali pake, juu ya sahihi, akahifadhi kwa toleo la tumbo la mtoto mchanga, kwenye disketi mbili. Wiki zilizofuata watu walianza kumletea disketi za mikataba na katiba za vyama ili awaonyeshe vilivyofichwa. Wengi aliwarudisha. Aliwaambia yeye si mganga.

Ijumaa ile asubuhi disketi ya Mzee Severini ilifunguka mara moja, na karani wa ofisi ya maji akaitaja mbele ya foleni kama ushahidi wa busara ya waraka.

Hati ya maji ilitoka mwezi Machi. Ilipigwa kwa taipureta, nakala tatu kwa karatasi ya kaboni, vifungu saba.