Mnanaa Wangu Walioufanya Dawa

Harufu ya mnanaa uliopondwa hunipandisha hasira hadi leo. Wengine husema inawaburudisha. Mimi hunirudisha kiangazi kile nikiwa darasa la tano, kwa Bibi huko Muleba, nyasi mpya zimetandazwa migombani na jua limekaa utosini. Mama alikuwa amepewa shina moja na mama wa Kihindi mwenye duka la vitambaa mjini Bukoba, pamoja na maelezo ya kutengeneza kinywaji chake. Nililipanda karibu na pipa la maji, nikalimwagilia kila asubuhi, nikingoja lisambae kwa ajili ya siku moja tu: Komunyo ya Kwanza ya mdogo wangu. Nilitaka wageni wanywe kitu cha mkono wangu, na walau mmoja aseme ni kitamu. Basi, hilo tu.

Siku ilipofika niliponda majani na sukari kwenye kinu, nikakamulia ndimu, nikachuja kwa kitambaa safi, nikachanganya na maji baridi ya mtungini. Nikapiga magoti mbele ya kila mgeni, kama tulivyofunzwa. Wa kwanza alinusa, akanitazama, akamwuliza Bibi nani anaumwa. Kwetu majani yaliyolowekwa ni omubazi, dawa, na dawa haipelekwi karamuni. Nilieleza mpaka mate yakanikauka. Shangazi, dada yake Baba, aliziba pua, akameza funda moja, akadai tumbo limeshatulia. Waliobaki walishukuru kwa adabu, wakarudia juisi yao ya ndizi. Eti kizuri chajiuza! Changu nilikitembeza ua mzima na jagi likarudi limejaa.

Bibi peke yake alimaliza bilauri, amefumba macho. Nikangoja neno lake.

"Mjukuu wangu, hii itanisaidia gesi," akasema.

Nililia nyuma ya jiko. Wiki iliyofuata nilikuta mnanaa wangu umeng'olewa pale pipani, wote, na sikumsemesha Bibi vizuri mpaka likizo ikaisha.

Siku hizi mjini Bukoba kinywaji hichohicho kinauzwa kwenye glasi ndefu, na barafu juu. Mwezi uliopita nilimnunulia Shangazi. Akanywa, akasema ni kitamu, akaagiza kingine. Nilipomkumbusha cha kwangu, alijibu bila kupepesa macho kwamba kile kilikuwa dawa. Nilitamani kupiga meza.

Kesho yake tulikwenda Muleba kupalilia kaburi la Bibi. Nyuma ya nyumba, kwenye kijibustani chake cha dawa ambacho watoto hatukuruhusiwa kukikanyaga, mnanaa ulikuwa umejaa tele, umezungushiwa mawe. Shangazi akaniambia Bibi aliuhamishia pale mwenyewe ili kuku wasiuchakure, akawa anaunywa kila jioni mpaka mwisho wake, na kila jirani aliyeomba jani aliambiwa ni dawa ya mjukuu wake. Nilichuma tawi moja, nikasimama nalo pale kaburini, macho yamejaa machozi na hasira bado ninayo. Bibi jamani, ungeniambia tu, hata mara moja, kwamba ni kitamu.