Pipi za Chenji

Siku yangu ya kwanza kazini Bariadi, Afisa Afya wa Wilaya, mzee mfupi mwenye sauti kubwa, alinikabidhi koti jeupe akasema, "Dukani usikague rafu tu. Simama pembeni uone watu wanavyonunua." Nilidhani ananipotezea muda. Wenye maduka wakaniita Bwana Afya ingawa mimi ni mwanamke, nami nikaitika hadi nikazoea.

Tulikagua tarehe ya kuisha muda, viungo vilivyoandikwa, na namba ya toleo, ile inayotambulisha bidhaa zilizotengenezwa pamoja. Kazi hiyo niliiweza, sioni haya kusema.

Nikikaribia kustaafu, ikaja amri ya kuondoa sokoni pipi nyekundu kutoka nje. Zilikuwa na rangi iliyopigwa marufuku, na karatasi yake nyekundu ya kufungia haikuitaja. Tulizunguka maduka yote, mkuu wangu mpya akaridhika kwamba zimekwisha. Wiki iliyofuata, huko Zagayu, binti mdogo akafikishwa zahanati midomo imevimba, anahema kwa shida. Mkononi alikuwa na karatasi ile nyekundu. Mama yake akaapa kwamba hajanunua pipi.

"Huyo mama anaficha," mkuu akasema.

"Hafichi. Nipe gari."

Nilikwenda nimekasirika, na hofu juu. Nikasimama pembeni ya duka la jirani yao. Mteja akanunua chumvi; muuzaji akakosa sarafu, akainama, akampa pipi mbili nyekundu kutoka kwenye kopo chini ya meza.

"Mwangaluka, mayu," nikamsalimia kwa Kisukuma. "Si ulituambia huuzi pipi?"

"Siuzi, Bwana Afya. Hizi ni za chenji."

Alikuwa anasema kweli yake. Kwake pipi hizo zilikuwa sarafu, na sarafu haikaguliwi. Tukarudia maduka yote, safari hii tukifungua makopo. Tuliteketeza magunia ya pipi, na binti akapona. Nilipomwona amekaa kitandani anakula uji, nililia mbele ya wauguzi.

Sasa nimestaafu, na bado nasimama pembeni madukani. Ni tabia isiyotoka. Juzi nilikuwa Zagayu, nikamkuta binti yule, amekuwa mrefu, ametumwa sabuni. Muuzaji akampa pipi badala ya chenji. Binti akaigeuza, akatafuta maandishi, hakuyaona. Hakujua kama nipo.

"Hii haijaandikwa kitu," akasema, akairudisha mezani. "Naomba kiberiti badala yake."