Kilango Chini ya Pikapu ya Mjomba

Mjomba wangu alihama nyumbani kwetu kwa jioni moja tu, na begi lake nililikalia mimi.

Tunakaa mtaa wa Al Warqa, huku kwa Waarabu, kwenye nusu ya vila. Nusu ya pili ina watu wanaokaanga vitunguu saumu alfajiri. Baba anafanya kazi za usiku kwenye ghala la mizigo karibu na uwanja wa ndege. Anarudi sisi tukijiandaa kwenda shule, anavuta pazia, analala. Mjomba, ndugu wa mwisho wa mama, ni fundi wa gereji mtaa wa Ras Al Khor. Analala chumba cha mbele, ananipeleka shule, na ndiye mtu mzima pekee anayecheka vichekesho vyangu kabla sijavimaliza.

Shida ilikuwa pikapu yake. Alilikata bomba la ekzosi, lile la kutolea moshi, karibu na injini, kabla ya sailensa inayopunguza kelele, akaweka kilango cha chuma kinachofunguka kwa swichi. Kikifungwa, moshi unapita njia yake ndefu hadi nyuma, na pikapu inakwenda kwa adabu kama mtu aliyechelewa swala ya Ijumaa. Kikifunguliwa, moshi unatokea hapo hapo chini, na paka wa mtaa mzima wanahamia mtaa jirani wa Mirdif.

Mjomba alikifungua kila asubuhi tukitoka getini, baba akiwa ndio kwanza amefumba macho. Baba akavumilia, akavumilia, hadi siku moja akatokea barazani na kikoi chake, nywele zimesimama.

"Shemeji, hiyo kelele ina kazi gani?"

"Inaongeza nguvu, shemeji. Gari inapumua."

"Na mimi nataka kupumua. Nikiwa nimelala."

"Wallahi inakimbia zaidi! Muulize yeyote pale gereji."

"Pale gereji nyote viziwi."

Nikacheka, jambo ambalo halikusaidia. Mjomba akapandwa na hasira, akasema kilango kikichomelewa kisifunguke tena, na yeye anahama, atapanga kitanda na wenzake wa kazini. Baba akasema sawa, tukapime. Kelele ikiongeza mwendo, itabaki, naye atatafuta pamba ya masikio. Isipoongeza, kilango kinachomelewa. Mama akasema wote wawili watoto, akarudi kwenye mahamri yake.

Mjomba akafunga begi kweli. Alikuwa na hakika ya kushinda, ila alitaka baba alione.

Hakika hiyo ilitoka gereji. Kwao gari halipimwi, linasikilizwa. Wakimaliza kufunga kitu wanakusanyika, mmoja anakanyaga mafuta, wengine wanafumba macho kama wanaoonja biriani. Ikiunguruma vizuri mtu anasema, "Khalas, hii roketi," na kazi imekwisha. Sijawahi kuona aliyetoa saa.

Uwanja wa mbio za magari za njia iliyonyooka uko nje ya mji, na una jioni ambazo mtu yeyote anaweza kuleta gari lake kukimbizana na saa. Tukaenda jioni moja; baba alikuja na chupa ya chai na uso wa mtu aliyeamshwa. Msimamizi alipoona begi nyuma ya pikapu akasema, kwa Kiarabu na kwa mikono, kwamba mzigo hauingii njiani. Nikaliburuta pembeni, nikalikalia. Lilikuwa gumu ajabu.

"Afadhali limetoka, mjomba," nikamwambia. "Ungeshindwa ungesingizia soksi zako."

"Wewe subiri," akasema, akafungua kilango.

Taa ikageuka kijani. Lo! Mngurumo ulinipita kifuani, watoto wakaziba masikio, jamaa mmoja akapiga makofi. Ila pikapu yenyewe iliondoka kwenye mstari kama baba anavyoondoka kitandani.

Mara ya pili akakifunga. Hakuna aliyegeuka kutazama. Jamaa wa makofi alikuwa akila chipsi. Pikapu ikateleza zake kimya, na ubao kule mwisho, unaoandika muda na mwendo, ukaonyesha muda mfupi kuliko ule wa kwanza. Tofauti ya chafya tu, lakini saa haikumwonea haya.

Mjomba akarudi, akazima injini, asishuke. Nilidhani baba atacheka. Badala yake akamimina chai, akampelekea dirishani.

"Nikiwashusha nyumbani nakwenda kulala Ras Al Khor, kwa wenzangu," mjomba akasema, macho mbele. "Begi liko wapi?"

"Nimelikalia," nikasema. "Na siinuki."

Safari hii hata yeye hakucheka. Nikakiona akilini chumba cha mbele kitupu, nikajiona ndani ya basi la shule. Mimi nikiogopa nabwabwaja, nikabwabwaja:

"Lakini mjomba, gari lako linaanza makelele kabla halijaamka. Hata baba hafanyi hivyo! Baba huamka kimya, anakunywa chai, ndipo anaanza makelele."

Baba akanitupia lile jicho la tutaonana nyumbani. Mjomba kikombe kikamsimama mdomoni.

"Shemeji," akasema polepole, "ile mara ya kwanza ubao ulinipa muda mbaya. Lakini mwendo wangu nikifika mwisho ulikuwa mkubwa kuliko wa mara ya pili."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mwanzo ndio unaoniua. Shika chai."

Akarudi kwenye mstari, kilango kimefungwa. Pikapu ikaondoka kimya, ikakolea kimya, kisha katikati ya njia akabonyeza swichi na mbingu ikapasuka. Ubao ukawaka: muda bora kuliko wa mara zote mbili. Baba alikuwa amesimama, chai imemwagikia viatu, hana habari.

Tulirudi watatu mbele, begi miguuni kwangu.

"Injini ikiwa bado inazunguka taratibu," mjomba akaeleza, "moshi unaokimbia kwenye bomba refu unauvuta ule wa nyuma yake, kama watu walioshikana mikono. Nikilifungua bomba mapema wanaachana, na hili gari zito. Injini ikishapanda kasi, moshi unakuwa mwingi, unasongamana. Hapo sasa kilango kinasaidia."

"Basi kelele ina kazi," baba akasema.

"Ina kazi."

"Nusu ya pili ya uwanja."

"Ndiyo."

"Na kutoka getini kwetu hadi shule, kuna nusu ya pili?"

Mjomba akaangua kicheko. "Hakuna, shemeji. Kuna matuta tu."

Tulipofika akachomoa fyuzi ya ile swichi, akampa baba. Siku ya uwanja atarudishiwa. Baba akaitia mfuko wa shati, akainama kubeba begi, akaguna.

"Umetia nini humu?"

"Spana."

"Na nguo?"

"Nguo ningezifuata kesho."

"Kesho una mtoto wa kupeleka shule," baba akasema, akaliingiza chumba cha mbele.

Asubuhi tukatoka getini kwa adabu. Wenzangu shuleni wakaniuliza kama pikapu inaumwa. Nimeitafuta ile fyuzi kila mahali, lakini baba siku hizi analala na shati.